Nilifunga Simu ya Mama, Watu Wakadhani Anawakatia

Kosa ni langu peke yangu. Sikudanganywa na mtu, wala sikushauriwa vibaya. Nilikaa, nikafikiri, nikafanya, na kwa miezi minne nikajipongeza. Nakueleza wewe kwa sababu hatujuani, na kwa sababu nimechoka kulibeba.

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Nina miaka arobaini na minane. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kusoma, kwa kuharibu simu zangu mwenyewe na kuandika kwenye daftari kila nilipokosea. Kazi yangu kubwa ni kufungua simu zilizofungwa. Mtu amesahau namba ya siri, au ameletewa simu kutoka nje na haikubali laini zetu, au kiwanda kimemzuia asiweke anachokitaka. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wateja jambo moja: simu umeinunua wewe, kwa nini ufunguo akae nao mtu mwingine?

Ni kweli pia kwamba baadhi yao hurudi wakilia. Unamfungulia mtu simu leo, kesho anaingiza kila takataka anayotumiwa, keshokutwa picha za familia yake ziko mikononi mwa watu. Kwa hiyo najua kwamba mlango uliofungwa una faida yake. Nilidhani kwa kuwa nimeziona pande zote mbili, siwezi kukosea.

Mama yangu ana miaka sabini na mbili. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa mwosha. Mwanamke wa Kiislamu akifariki mitaa yetu ya Kariakoo, alikuwa akiitwa yeye na mwenzake, Bi. Mwanaidi, kumwosha na kumvika sanda kabla ya mazishi. Hadai malipo. Zamani watu walikuja kugonga mlango, akachukua mtandio wake akatoka nao. Nyumba tuliyokuwa tunaishi ilipovunjwa kupisha ghorofa, alihamia kwangu Tabata. Huku hakuna anayemjua wa kuja kumgongea. Ikabaki simu.

Mwaka jana tapeli alimpigia. Alimwambia mjukuu wake amegongwa na bodaboda, yuko hospitali, itumwe hela haraka afanyiwe upasuaji. Mama alikimbia kwa wakala na viatu visivyofanana, kimoja chake, kimoja cha mke wangu. Dada wa wakala ndiye aliyemzuia.

"Bibi, mjukuu yupi? Wote wawili wamepita hapa sasa hivi na sare zao za shule."

Siku hiyo nilichukua simu yake nikaifanyia kazi kwa utulivu, kama nifanyavyo kazi zote. Kwenye kioo nikabakiza picha sita kubwa za kubonyeza, nikaficha mengine yote. Nikaweka majina kumi na moja. Asiyekuwemo kwenye majina hayo akipiga, simu isilie, isionyeshe kitu, ikate yenyewe. Namba ya siri nikabaki nayo mimi.

"Na mtu mwingine akinitafuta?" Mama aliuliza.

"Mtu gani, Mama? Wote wamo humu."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Simu ikatulia. Mke wangu aliona mapema kuliko mimi. Alisema, "Imetulia mno hii." Nikamwambia ndiyo kazi nzuri inavyokuwa.

Baada ya mwezi hivi, Mama aliniuliza tukiwa mezani, "Mwanangu, siku hizi watu hawafi?"

"Si ndiyo raha, Mama? Pumzika."

"Hebu nipe hiyo namba yako ya siri niangalie mwenyewe."

"Utagusa pasipo pake, tuanze upya."

Hakuomba tena. Akaanza kusema labda wamemwona mzee, mikono haina nguvu, wamepata wanawake vijana. Siku moja alifua vitambaa vyake vya kazi, akavikunja, akampa mke wangu aviweke juu ya kabati. Nilimwona. Nilifikiri hatimaye amekubali kupumzika.

Kisha akaja mwanamume mmoja wa makamo mezani kwangu, muuza viatu vya mitumba Mchikichini. Mama yake alikuwa amefariki, na simu ya marehemu ilikuwa imefungwa. Alitaka nimtolee picha. Nikampa pole, nikampa kiti. Katika kuzungumza nikamuuliza kama mazishi yalikwenda salama.

"Yalienda, lakini tulichelewa. Tulipanga adhuhuri, tukazika alasiri. Mwosha alitusumbua."

"Kivipi?"

"Kuna bibi mmoja, zamani alikuwa anakaa hapa hapa Kariakoo. Mama aliusia aoshwe na yeye. Nimempigia, anakata. Shangazi kapiga, anakata. Tukaazima simu ya jirani, anakata vilevile."

"Labda simu yake ina tatizo."

"Fundi, tatizo gani hilo la kumkatia kila mtu? Kahamia kwa mwanawe Tabata, sisi katuona wa uswahilini. Sasa hivi watu wengi hata hawahangaiki kumpigia."

Mikono yangu iliendelea na kazi. Nilimfungulia simu, nikamtolea picha zote za mama yake, nikakataa malipo. Akaniambia, "Mungu akuzidishie, fundi." Nikaitikia amina.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anaswali magharibi. Nilichukua simu yake nikafungua ukurasa niliokuwa nimeuficha. Simu thelathini na nane zilikuwa zimekatwa, kutoka namba kumi na tisa. Ya Bi. Mwanaidi ilikuwemo. Jina lake nililiweka tangu mwanzo, lakini niliweka laini moja tu, naye siku hizi ameizima hiyo, anatumia ile nyingine. Mimi ni fundi simu, nafanya kazi Kariakoo ambako kila mtu ana laini mbili, na sikuliwaza hilo.

Nilitoa kufuli lote. Nikairudisha simu pale pale karibu na mswala. Sikusema kitu. Hilo ni kosa la pili, na ndilo linaloniuma zaidi. Nilijiambia kwamba simu iko wazi sasa, watapiga tena, mambo yatajirudi yenyewe.

Hawakupiga.

Wiki mbili baadaye alifariki mkwe wetu mmoja Kariakoo, na habari ikafika kupitia kwa mke wangu. Mama akashusha vitambaa vyake kutoka kabatini, akaondoka asubuhi akiwa mchangamfu. Kabla ya alasiri alikuwa amerudi. Nilimkuta barazani, hajavua baibui.

"Mwanaidi kaniambia mbele ya watu, 'Leo umepata nafasi, mwenzetu?' Nikadhani utani. Nikaingia chumbani kwa maiti, binti mmoja akanishika mkono, akanitoa nje. Akaniambia, 'Bibi, wa kuosha tumeshapata.'"

Akaanza kulivua baibui.

"Nimekaa kwenye gari mpaka hapa nafikiria nimemkosea nani. Sipati."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia watu wana maneno, asiwajali.

Siku ya tatu akaniita. Alinipa simu yake. "Niandikie ujumbe, wewe ndiye unayejua kuandika vizuri. Waambie wanawake wote wa Kariakoo, kama kuna niliyemkosea, kwa kujua au kutojua, anisamehe. Mimi ni mtu mzima, sitaki kufa na kinyongo cha watu."

Nikaandika "Assalaam alaykum". Nikaandika jina lake. Nikashindwa kuendelea. Ndipo nikamweleza yote, nikiwa nimeishika simu ile ile, bila kumtazama.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Wangapi?"

"Namba kumi na tisa."

"Na marehemu wenyewe, majina yao unayo?"

"Sina, Mama."

"Wengine niliwaoshea mama zao," alisema. "Pengine hata bibi zao."

Nilitaka kuzungumza, akanizuia kwa mkono. "Utawapigia wewe, mmoja mmoja, kwa sauti yako. Mimi siwezi kuomba radhi ya kosa lisilo langu. Na hiyo namba ya siri, nionyeshe inavyobadilishwa."

Nikamwonyesha. Alijifunza kwa robo saa. Akanigeuzia mgongo akaiandika yake.

Nilianza kupiga kesho yake. Wengine walicheka. Wengine walisema wamesamehe na wakamsalimia Mama. Mwanamke mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa kaka, nimekuelewa. Lakini mama yangu alimtaka bibi huyo, na hakumpata. Haya maelezo yako mimi niyapeleke wapi?" Muuza viatu nilimfuata mwenyewe Mchikichini. Aliendelea kupanga viatu vyake nikiongea. Alisema jambo moja tu: "Kumbe siku ile nilikuwa naongea na mwanawe, na ukanyamaza."

Namba nne hazijapokelewa mpaka leo. Nadhani wananiona namba ngeni.

Bi. Mwanaidi alikuja Tabata, wakalia pamoja na Mama, wakacheka. Tangu hapo Mama ameitwa mara mbili, mara zote kupitia kwake. Zamani ilikuwa mara mbili kwa wiki. Kwa watu wengi yeye bado ni yule bibi anayekata simu, na sina namba zao wote ili niwaambie sivyo. Matapeli nao hupiga. Anapokea kila simu, kwani hawezi kujua ni nani. Mwezi uliopita mmoja alimpata, akapoteza hela ya mboga ya wiki nzima. Alikuja kunieleza mwenyewe. Nilimwonyesha jinsi ya kuizuia namba hiyo moja, kidole ni chake, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

Nawe mwenye mzazi anayesumbuliwa na matapeli, simu yake uifanye nyepesi ukipenda, lakini kwanza keti naye umuulize ni watu gani humtafuta asiowajua, na wanataka nini kwake. Namba ya siri mwachie. Mfundishe, hata ikichukua mwezi mzima. Na kama umeshaifunga, ifungue leo uangalie nani alikuwa anapiga. Ukiwakuta, mwambie mzazi wako siku hiyo hiyo. Usisubiri kama mimi, mpaka akuite umwandikie ujumbe wa kuomba radhi kwa kosa asilojua kuwa ni lako.