Soksi ya Mtoto wa Ulaya

Mbwa wetu alikatwa na bati mwezi wa kumi, wiki ile jirani yetu alipoezua nyasi za nyumba yake na kuezeka mabati. Ilikuwa miaka ya soko huria, na nyumba za mtaa wetu wa Kizwite, Sumbawanga, zilikuwa zikibadilisha kofia moja baada ya nyingine. Kila paa jipya lilipogongwa misumari, sisi watoto tuliacha michezo tukasimama kulitazama likiwaka juani, hadi macho yakatoa machozi. Mafundi walikata mabati kwa mkasi mkubwa, vipande vikabaki vimelala kwenye majani. Mbwa alikuwa akimkimbiza jogoo, kwa mazoea tu, maana hakuwahi kumkamata hata siku moja. Nikasikia mlio mmoja mfupi, kama wa mlango uliokosa mafuta. Kisha nikamwona anakuja kwa miguu mitatu.

Hakuwa na jina. Baba, aliyekuwa mwalimu kule bondeni Milepa na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alimwita kwa mluzi mrefu. Mimi nilimwita kwa mluzi mfupi. Mama, aliyeamini kwamba mwanamke kupiga mluzi si heshima, alimwita kwa kugonga pedali ya cherehani mara mbili kwa kisigino. Ka-ka. Popote alipokuwa, mbwa alisikia, akaja, akajikunja chini ya cherehani juu ya vipande vya vitambaa, na mama akashona siku nzima miguu yake ikipita juu ya mgongo wa mnyama bila kumgusa. Ukimuuliza, angekuambia hapendi mbwa.

Ile nundu kubwa nyeusi ya katikati ya wayo ilikuwa imepasuka kama andazi. Damu ilichora maua kwenye sakafu ya saruji, ua moja kila hatua ya nne. Mama alikandamiza kidonda kwa kitambaa cha shati la shule hadi damu ikakata, akarudi kwenye kazi yake. Mimi, mwenye miaka tisa na mapenzi yaliyozidi akili, nikaona hiyo haitoshi. Nilikuwa nimewaona watu wakipaka vidonda vya mbuzi majivu. Basi nikachota majivu jikoni, nikayashindilia ndani ya ule mpasuko kwa kidole, mbwa akinitazama kwa imani ambayo mpaka leo inanichoma.

Siku ya nne mguu ulinuka. Mama akamwita bwana mifugo, aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimwamkia shikamoo huku nimejificha nusu nyuma ya mlango. Alichuchumaa, akageuza mguu, akanusa, akainua uso.

"Nani kaweka majivu hapa?"

Mama akanitazama.

"Mtoto wangu," bwana mifugo akaniambia, "hiki ni kidonda. Jiko liko kule."

Mama akamwuliza kama ofisini kuna dawa. Akacheka kidogo, bila furaha. "Zamani serikali ilinipa dawa, mama. Siku hizi imenibakizia daftari. Dawa ziko madukani, na nyingine hata mimi sizijui. Lakini hiki hakitaki dawa kubwa. Chemsha maji, tia chumvi, yapoe mpaka kiwiko chako kiyavumilie. Mwoshe asubuhi na jioni, uchafu wote utoke. Mkaushe hata katikati ya vidole, kisha funika. Asikilambe, asikanyage uchafu."

Akasimama, akatazama upande wa mashariki, ambako mawingu yalikuwa yameanza kurundikana kila alasiri na kutawanyika tena.

"Mvua ziko karibu. Zikimkuta kidonda kiko wazi, akakanyaga tope na mavi ya ng'ombe, mguu utaoza mpaka juu. Hapo nitakuja na sindano, mama, na haitakuwa ya kuponya. Sikutishi. Nakwambia mapema."

Baada ya hapo nilitazama mawingu kuliko nilivyotazama daftari zangu za shule. Upepo wetu wa Ufipa, ule ambao miezi yote ya kiangazi nilikuwa nimeulaumu kwa kunijaza vumbi machoni, sasa niliuomba uvume, uyasukume mawingu yarudi yalikotoka.

Kuosha tuliweza. Kufunika kulitushinda. Kitambaa cha kuzungushia alikitoa kwa meno kabla maji ya beseni hayajamwagwa. Mama, ambaye alikuwa fundi na alijijua kuwa fundi, akasema tatizo ni mshono. Akampima mbwa mguu kwa utepe wake, akaandika kipimo kwa chaki juu ya meza kama anavyoandika cha bwana harusi, akamshonea kiatu cha kaki, kitambaa cha kaptura. Mbwa alitembea nacho akiinua mguu juu sana, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akaukung'uta mara moja. Kiatu kikatua kwenye sufuria.

Cha pili kilikuwa na kamba. Alikitafuna. Cha tatu kilikuwa na vifungo. Alikitafuna pamoja na vifungo. Cha nne mama alikikaza sana, na jioni tukakuta vidole vimevimba, tukakikata kwa mkasi haraka. Mama akakaa chini sakafuni, kile kiatu kilichokatwa mapajani.

"Nimewashonea mapadri kanzu," akasema. "Nimeshonea kwaya nzima. Mbwa! Mbwa ananishinda!"

Jirani mwenye mabati alikuwa kibarazani kwetu. Alikuwa akija kila siku tangu ajali, kwa kujiona na hatia. "Mwenzangu, kaki haivutiki," akasema. "Huyo anataka soksi. Soksi ya mtoto, ya kufumwa, yenye mpira juu. Nenda kwenye kafa Ulaya, zimejaa."

Mama akaanza kuokota vifungo sakafuni. Jirani akajua kaligusa lisilogusika, akaaga.

Kafa Ulaya ndilo jina tulilozipa nguo za mitumba zilipoanza kuingia mjini kwa malori. Watu walisema ni nguo za wafu: mtu anakufa huko, ndugu wanafunga nguo zake kwenye robota, zinatufikia sisi. Wakubwa walilisema kwa utani na huku wanavaa. Mama hakutania. Robota la kwanza lilipofunguliwa sokoni, foleni ya wateja kwenye kibaraza chetu ilianza kupungua. Gauni lililomchukua siku mbili kulishona, mtu alilipata kwenye turubai kwa dakika mbili za kuinama. Akapiga marufuku: nguo ya kafa Ulaya haivuki kizingiti chake. Na lililomuuma zaidi halikuwa nguo. Mwanafunzi wake, dada aliyekaa naye miaka miwili akijifunza kukata na kushona kwenye cherehani yetu, aliaga asubuhi moja, na wiki iliyofuata akaonekana sokoni amesimama nyuma ya turubai lake mwenyewe la mitumba. Tangu hapo mama alipokwenda sokoni alizunguka njia ya nyuma ili asipite pale.

Alasiri ile ngurumo ya kwanza ilisikika, mbali, upande wa bondeni. Mbwa aliinua masikio. Mama akafungua kabati, akajifunga khanga ya kutokea.

"Vaa viatu," akaniambia. "Twende."

Tulipita njia ya mbele. Sauti ya yule dada tuliisikia kabla hatujamwona: "Inama uchague! Inama upendeze! Mama inama, mgongo hauuzwi!" Kisha akamwona mama, na sauti ikakatika kama uzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Watu waliokuwa wameinama wakainuka kutazama, maana kisa chao kilijulikana.

"Nikusaidie nini, fundi?"

"Soksi."

"Ya mkubwa au ya mtoto?"

"Ya mgonjwa."

"Pole. Mgonjwa ana miaka mingapi?"

"Minne," mama akasema, akitazama pembeni.

"Mguu wa kulia au... samahani, fundi, miguu yake ni minene au ya kawaida?"

Mama alikuwa anatafuta jibu la heshima. Mimi sikuweza kungoja. "Ana miguu minne!" nikasema.

Turubai zima lilicheka. Kijana mmoja akasema, "Basi achukue jozi mbili, mshikaji atokelezee!" Lakini yule dada hakucheka. Alishika mdomo.

"Yule wetu? Wa chini ya cherehani?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Nami nikakumbuka kwamba mbwa yule alikuja kwetu akiwa mdogo mwaka ule ule dada huyu alipoanza kujifunza kwetu, na kwamba yeye ndiye aliyemtandikia vile vipande vya vitambaa mara ya kwanza.

"Njoo huku, fundi. Zisizo na wenzake ziko kwenye mfuko huu, hakuna anayezitaka. Tuchague."

Na mama akainama. Niliona mgongo wake ukishuka, taratibu, mbele ya watu wote wa soko, mgongo ambao haukuwahi kuinama pale. Nimeandika kurasa nyingi tangu wakati ule nikijaribu kueleza upendo ni nini, na kila nikikwama narudi kwenye mgongo ule. Wakainama wawili, vichwa karibu, mikono ndani ya mfuko mmoja. Mama akatoa soksi ndogo ya njano yenye bata amefumwa ubavuni. Akaivuta, ikarudi. Akaigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mshono uko wapi?"

"Hata mimi niliutafuta, fundi. Kisiginoni hamna."

"Hamna kabisa?"

"Hamna."

Mama akaishika muda mrefu. Ilikuwa heshima ya fundi kwa fundi asiyemjua. Tulipewa sita, zote za mguu mmoja mmoja, na dada alikataa kabisa kupokea kitu. Tukiondoka mama akasema, bila kugeuka, "Jioni ananisumbua kumwosha. Mikono miwili haitoshi."

Jioni ile dada alikuja. Alimkumbatia mbwa shingoni akimnong'oneza upuuzi masikioni, mama akaosha, mimi nikashika taa na beseni. Kabla ya kuvalisha soksi, mama aliishonea chini kipande cha kaki kwa mkono, kiwe soli. Kaki yake chini, bata wa Ulaya juu. Mbwa aliinusa, akajilaza. Asubuhi ilikuwa bado mguuni. Tuliifua na kuvalisha nyingine, na hivyo kila siku, na dada akija kila jioni, na mazungumzo yao yakianza na mguu wa mbwa na kuishia mbali sana.

Kitu kimoja kilinisumbua. Niliamini kafa Ulaya neno kwa neno. Kama soksi ni ya marehemu, na soksi ni ndogo namna hii, basi kuna mtoto amekufa. Amelala mahali penye baridi, na soksi yake ya njano iko kwenye mguu wa mbwa wa Kizwite. Je, ataifuata? Ulipoingia mwezi wa kumi na moja, mwezi wa marehemu, katekista alitugawia karatasi tuandike majina ya wafu wetu yasomwe kanisani. Mama aliandika ya kwetu. Nilipopewa bahasha nikaitie kwenye kikapu, nikaifungua, nikaongeza langu chini.

Jumapili ile mvua ilifika. Ilianza kupiga paa la kanisa katikati ya mahubiri, kwanza kokoto chache, kisha lori zima, na mimi sikusikia tena lolote isipokuwa mvua na hofu yangu. Katekista alilazimika kusoma majina kwa kupaza sauti. Babu zetu walipita, shangazi walipita, kisha akasita, akakaribisha karatasi machoni, akasoma kwa nguvu: "Na mtoto wa Ulaya, mwenye soksi ya njano."

Watu wakageuziana nyuso. Kisha, kwa kuwa aliyesomwa amesomwa, wote tukaitikia kama tunavyowaitikia marehemu wengine. Mabega ya mama yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia. Alipogeuka, nikaona anacheka na kulia kwa pamoja, akanishika mkono akaufinya, hakuuachia mpaka baraka.

Tukarudi mbio kwenye tope jekundu. Nyumbani mama hakuvua hata khanga iliyoloa. Akakaa kwenye kigoda cha cherehani, akagonga pedali. Ka-ka. Mbwa akatoka chumbani, akaja. Mama akaivua soksi. Dada alikuwa amefika na mvua nyuma yetu, tukainama watatu. Pale palipopasuka palikuwa na mstari wa waridi, mkavu, umefunga kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama akaukandamiza kwa kidole gumba. Mbwa akapiga miayo.

Bwana mifugo alipita kesho yake, mikono mitupu, akatazama, akasema, "Vizuri," akaenda zake.

Niliyekuwa na swali la mwisho ni mimi. Nilimwuliza mama kama yule mtoto hatakasirika. Alikuwa akipunguza kiuno cha suruali ya mtumba aliyoletewa na dada, ya kwanza kati ya nyingi zilizolilisha jiko letu miaka iliyofuata. Akakata uzi kwa meno.

"Labda hakufa," akasema. "Labda alikua tu, soksi ikamkataa."

Kama ni hivyo, mtu huyo yuko hai mahali fulani, rika langu, na hajui kwamba aliombewa kwa sauti kubwa Sumbawanga, kwenye mvua ya kwanza. Ningependa ajue. Ningependa kumwambia ahsante, na kwamba mbwa aliishi miaka mingine saba, akipita kwenye matope yote ya Kizwite kwa miguu minne, na kila pedali ilipogongwa mara mbili alikuja.