Jini Niliyemtunga Anamharibia Wifi Yangu Posa

Admin, nifichie jina kabisa, maana nusu ya ukoo wa mume wangu wapo kwenye ukurasa huu, na mama mkwe wangu husomewa mpaka maoni ya chini.

Nina miaka thelathini na mbili, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, naishi Sofu hapa Kibaha. Watu wananijua kwa ushonaji. Wasichojua, hata mume wangu hajui, ni kwamba naandika hadithi za mapenzi kwa jina la bandia. Kila Alhamisi natuma sura moja kwenye kundi la WhatsApp kwa laini yangu ya pili. Hadithi zangu hazina matusi wala mambo ya chumbani. Wapenzi wangu wakigusana vidole tu, wasomaji wanashika vifua. Kinachowashikilia ni hofu: huyu mwanaume mpole anayekuja kuposa ametoka wapi, na kwa nini paka wa nyumba anamkimbia?

Shabiki wangu namba moja ni mama mkwe, yuko Kisarawe. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo anasomewa na binti yake wa mwisho, wifi yangu, tumwite Zuhura. Siku moja Zuhura aliniambia, "Wifi, kuna dada anaandika, acha kabisa! Namsomea mama mwanzo mwisho, siruki hata mstari." Nilivimba kichwa kimyakimya.

Zuhura ana miaka thelathini na tano, na maneno ya majirani anayajua vizuri. Mwaka huu amepata mchumba, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Magindu, mtu mtaratibu, anacheka kwa aibu. Siku alipokuja mara ya kwanza kula kwa mama, mimi nilikuwa jikoni. Zuhura akaja akaninong'oneza, "Wifi, mtengee mchuzi wake, usitie chumvi. Ana presha, daktari amemkataza. Usimwambie mtu, watasema naolewa na mgonjwa." Nikamtengea, na siri nikaitunza.

Niliitunza mdomoni tu. Alhamisi ile nilikuwa nimekwama, sijui jini wangu agundulike vipi. Chumvi ikanijia. Wote tumekua tukisikia kwamba majini hawali chumvi. Nikaandika mchumba mpole anakula chakula bila chumvi, na mama wa binti anagundua. Kundi zima liliwaka moto. Nilifurahi kama mjinga, sikufikiria hata kidogo kwamba atakayeisoma sura ile kwa sauti mbele ya mama ni Zuhura mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba alipofika pale sauti ilimkatika, na mama akamtazama usoni. Yeye alidhani ni bahati mbaya tu, maana habari ya majini na chumvi kila mtu anaijua.

Jamaa alipokuja mara ya pili, mama alikataa nisimsaidie kupika. Alimpakulia kwa mkono wake, akakaa mbele yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mgeni mwanaume. Jamaa akaonja. Akameza kwa shida, akanywa maji, akasogeza sahani taratibu.

"Nimeshiba, mama. Mungu akubariki."

"Tonge moja ndiyo umeshiba, baba?"

"Nilikula njiani, mama."

Zuhura alinitazama, macho yamemjaa machozi, nami nikainama kuokota kijiko ambacho hakikuanguka. Ningeweza kusema palepale. Sikusema.

Alipoondoka, mama akamwaga maji ya chumvi mlangoni. "Jumapili wazee wao wanaleta mahari," akasema. "Wasikanyage hapa. Simtoi mwanangu kwa kiumbe nisichokijua." Zuhura akaapa kwamba ni mtu kama watu wengine, lakini alipoulizwa kwa nini hali chumvi, akanyamaza. Alikuwa anailinda siri ya mwenzake. Nilimwonea huruma, na bado nikafunga mdomo.

Nikajifanya mjanja. Alhamisi hii nimeandika sura mpya: mchumba si jini, ni binadamu mwenye maradhi, na mama mtu anaomba msamaha. Nikasubiri simu ya Kisarawe. Zuhura akapiga, analia. "Wifi, mama anasema mwandishi ametishwa! Anasema jini limemjia limemlazimisha abadilishe. Sasa ndiyo ameamini zaidi."

Saa moja baadaye laini yangu ya pili ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka simu ya Zuhura, lakini anayesema ni mama. "Mwanangu mwandishi, mimi ni mama yako, sikujui wala hunijui. Kila nikiswali nakuombea. Wewe unayajua mambo haya. Mwanangu wa mwisho ameposwa na mtu asiyekula chumvi. Nimrudishe au nisimrudishe? Usiniandikie, maandishi wanaweza kuyachezea. Nitumie sauti yako mwenyewe, nikikusikia nitajua kama uko salama."

Leo ni Ijumaa. Nimeusikiliza ujumbe huo sijui mara ngapi, mume wangu akiniuliza nasikiliza nini namwambia mteja. Nikisema ukweli, mama atajua mimi mkwe wake ndiye niliyekuwa namchezea akili, mume wangu atajua nimemficha miaka miwili, na Zuhura atajua siri aliyoninong'oneza jikoni niliisambaza kwa kundi zima. Nikinyamaza, Jumapili wazee wa Magindu watarudishwa mlangoni, na sioni Zuhura akiposwa tena.

Nimeshawaza hata kumtafuta mwanamke mwingine ajifanye mwandishi. Mkono ukakataa, uongo nilionao unatosha.

Ndugu zangu, nipeni akili kabla ya keshokutwa. Nimeshika simu, kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi, na neno la kwanza nitakalolitoa litakuwa "Shikamoo mama." Hapo hapo atanijua. Nibonyeze?