Shada Lisilofika Kichwani

Kosa ni langu, sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Nilikabidhiwa jibu la posa, nikalificha.

Mwaka 1994 nilikuwa mlinzi katika jumba la makumbusho hapa Toronto, chumba cha vitu vya Ufaransa ya kale. Kimoja kilikuwa mgongo wa kioo cha mkononi, wa pembe ya ndovu, ukubwa wa kiganja. Juu yake imechongwa picha: kijana amepiga magoti. Binti ameinua shada la maua amvishe kichwani. Amekubali.

Rafiki yangu Bahati, mpakiaji wa ghala kule Rexdale, alimpenda Neema wa kwaya yetu. Akanifanya mshenga. "Kaka, nikisimama mbele yake ulimi unakufa. Nenda wewe."

Neema alikuja kazini kwangu Jumamosi mchana. Nikamwonyesha kile kioo, nikafikisha posa.

"Shemeji, huyu kapiga magoti tangu lini?"

"Miaka mia sita."

"Maskini! Mwambie Bahati mimi sitamchelewesha hivyo." Akatoa mkobani kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. "Mpe. Akija nacho kesho kanisani, kwenye mfuko wa koti, nitajua tumeelewana." Akacheka.

Jamani, kicheko kile! Nilimtaka mimi.

Kitambaa nikakifungia kabatini kazini. Bahati nikamwambia, "Amekataa."

Kesho yake Neema aliutazama mfuko wa koti la Bahati tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mtupu. Niliyaona yote, nikaendelea kuimba!

Bahati alihamia Calgary kabla theluji haijayeyuka. Mimi nikangoja miezi, kisha nikajiposea. Neema akauliza:

"Mshenga, kile kitambaa ulimpa nani?"

Aliacha kwaya, sijamwona tena.

Mwaka jana Bahati alinipigia simu. Hajaoa. "Kaka, hebu niambie tena. Alikataa kwa maneno gani?"

Nikamtungia maneno. Mungu wangu, nikamtungia!

Bado nalinda chumba kile. Shada liko hewani, limebakiza upana wa ukucha, halifiki. Na siku hizi naapa yule binti hamtazami tena kijana wake. Ananitazama mimi.

Wewe uliyetumwa posa, ukipewa jibu usilale nalo. Lipeleke siku ileile, hata kama moyo utakaovunjika ni wako. Mimi kabati langu nalifungua kila asubuhi kutundika koti, na kitambaa kimo, kimekunjwa vilevile alivyokikunja.