Vane Inayovuja na Sauti Nyuma ya Ukuta

Mwanangu Masika, iko siku moja ambayo mikono yangu inaikumbuka kuliko kichwa. Usicheke kwamba mama anajifanya mzee na kutoa nasaha. Meno yangu yote yako kinywani, na ndugu yako mdogo bado ninamubeba mgongoni. Mais nilichokiona siku ile, wengine wanazeeka bila kukiona. Donc nitakuambia sasa, kabla hasira haijanishika tena nikasahau yaliyo mazuri.

Ulikuwa ungali unanyonya. Tuliishi hapa hapa Butembo, katika nyumba ya matofali mabichi, simenti imepakwa juu tu ili ionekane nyumba ya wakubwa. Ndani ya chumba chetu mwenye nyumba alikuwa ameweka douche ya kuogea na lavabo nyeupe ya kunawia, na mimi nilijivuna nayo kweli kweli. Chini ya lavabo kuna karobine kadogo, kabomba ka kufungia maji yasipande juu. Mafundi wanakaita vane. Vane yetu ilikuwa inavuja. Ti, ti, ti, mchana na usiku.

Fundi alikuja. Akachukua mupira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akaukata kamba ndefu, akazungusha, akavuta na meno, akasema imekwisha. Wewe unajua watu wetu. Mzigo wa makala ya kupikia kwenye pikipiki, mupira. Mguu wa kiti uliovunjika, mupira. Bidon isiyo na kifuniko, mupira. Siku Bwana Yesu atakaporudi, sisi watu wa Butembo tutamuuliza kama hana kitu cha kufunga. Na kweli sauti ilinyamaza. Nilimshukuru yule fundi, nikamupa chai.

Asubuhi moja nikasogeza kitanda chako ili nifagie. Kilikuwa kimeegemea ukuta wa douche. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka chini mpaka kwenye mto wako. Nikaugusa, kidole kikaingia kama kwenye bukari, ugali wetu, ingali ya moto.

Mwanangu, maji hayakuwa yameacha kuvuja. Yalikuwa yameacha tu kusikika. Chini ya mupira yalishuka polepole nyuma ya tiyo, lile bomba la maji, na udongo ukayanywa bila kusema neno. Na ukuta ule ndio ulioshika paa juu ya kichwa chako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, mais hawakusema kitu juu ya ukuta wenye mtoto chini yake.

Nikuhamishie wapi? Salon, chumba cha wageni, ilijaa ndugu zetu waliokimbia vita kule Kalunguta, watoto wanalala mpaka chini ya meza. Mawingu yalikuwa yanapanda. Nikamupigia papa yako simu. Alikuwa kazini kule Mulekera, upande wa Beni, na barabara ya Beni siku zile haikuwa barabara ya kumwambia mutu apite. Akaniambia niongeze mupira mwingine juu ya ule. Nikakata simu. Niliyoyasema baada ya kukata, sitayarudia.

Mchana ule ule sokulu wako, baba ya papa yako, akafika kutuletea ndizi. Ujanani mwake alifanya kazi na watu waliolaza tiyo kutoka chemchemi ya mulimani mpaka mtaani kwetu. Vane alizijua kama wewe unavyojua vidole vyako. Mais desturi yetu unaijua pia: baba mukwe haingii chumba cha bibi ya mwana wake, sembuse mahali anapoogea. Hata jicho hatupi mle. Mimi nilisimama mlangoni, nikamwambia waziwazi kwamba leo aingie tu, Mungu ataelewa. Yeye aliangalia chini, kama alivyoangalia sikuzote akisema nami, akajibu taratibu:

"Mama Masika, ukuta moja inaanguka. Tusiangushe na ile ingine."

Kisha akachukua kiti, akazunguka nyumba, akaketi inje nyuma ya douche, chini ya kadirisha kadogo ka kupitisha hewa. Kutoka huko sauti yake ikaingia. Akauliza kama niko na kle ya kukazia nati. Nikasema niko na moja, na pense ya kubania, ya jirani. Akasema inatosha.

Nikakuacha kwa shangazi yako pale salon. Nikapiga magoti, nikashika kle, nikaanza kukaza ile ekru, ile nati ndogo iliyo chini ya kishikio cha vane. Nilikaza kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa ninamukaza papa yako, ninamukaza yule fundi, ninaikaza barabara ya Beni nzima. Chuma kikalia. Yeye inje akasikia.

"Acha. Unakaza sawa mutu anafunga mbuzi. Ikipasuka, hatutakuwa tena na shida ya kuvuja. Tutakuwa na muto ndani ya nyumba."

Nikamujibu kwamba niko na hasira, na mutu mwenye hasira afanye je.

"Lete hiyo hasira huku inje kwangu, nitakushikia," akasema. "Ukimaliza, kama ungali unaitaka, utakuja kuichukua."

Sijui maneno yale yalinifanya nini. Nilicheka peke yangu chini ya lavabo, nikagonga kichwa, mabega yakashuka.

Akaniagiza nigonge vane kidogo na kle, mara moja. Nikagonga. Akasikiliza, akasema bado nzima, haijapasuka, tuendelee. Mutu huyu alikuwa anaona kwa masikio.

Akaenda mwenyewe kufunga vane kubwa ya barabarani. Aliporudi akaniambia nifungue robine ya juu, maji yaliyobaki kwenye tiyo yatoke. Nikakata mupira. Ulitoka umeoza, mweusi, unanuka kama chupi ya bata. Niliposema hivyo, nilimusikia anakohoa ili asicheke mbele ya mukwe wake.

Kisha kazi ikaenda polepole. Nilishika tumbo la vane na pense lisizunguke, nikalegeza ekru na kle. Ndani, kuzunguka kale kajiti ka chuma kanakogeuka, kulikuwa na kamba ya zamani iliyokuwa unga mtupu. Nikaitoa kwa sindano, chembe kwa chembe. Yeye alikuwa na utepe mweupe wa teflo, ule wa kuzuia maji, mfukoni. Akauingiza kwa kadirisha kwa ncha ya fimbo, uso wake ukiwa umegeukia bonde. Nikausokota kama uzi, nikauzungusha upande ule ule ekru inakokazia, nikaushindilia. Ekru nikairudisha kwa vidole kwanza. Kila nilipotaka kukimbia, alinirudisha. Haraka haraka haina baraka, sawa, mais yeye hakusema methali. Aliniuliza tu: "Sasa mukono yako iko wapi?" Na mimi nilipaswa kuangalia mukono wangu kabla ya kujibu.

Akaenda kufungua vane kubwa, akaniacha nimeshika tiyo.

Mwanangu, sikiliza hapa. Kwanza hakuna kitu. Kisha chuma kikatetemeka mkononi mwangu kama ulivyokuwa unageuka tumboni mwangu usiku. Maji yalikuwa yanakuja. Hakuna mashine huko juu, hakuna mafuta. Yanasukumwa na mulima peke yake. Nilikuwa nimefungua robine maisha yangu yote, nikaosha uso, nikalalamika kwamba ni baridi, na sikuwahi kujua kwamba nyuma ya kila robine kuna mulima mzima umeegemea. Na sasa uliegemea kale kautepe kangu. Niliogopa. Ni woga ule wa kanisani, Padri akiinua hostia na hata watoto wananyamaza.

Kwenye mdomo wa ekru tone likatokea. Likanenepa. Ndani yake niliona kadirisha, kamegeuzwa miguu juu, na kapande ka mbingu.

"Iko tone," nikamwambia, maana alikuwa amesharudi chini ya kadirisha.

"Gusa ekru. Kidogo tu, sawa unafunga kitambaa ya kichwa."

Nikagusa. Nikapangusa lile tone kwa kidole, nikangoja. Ekru ikabaki kavu. Nikangoja tena. Kavu.

"Unasikia nini?" akauliza nyuma ya ukuta.

"Papa, sisikie kitu."

"Basi, ni hiyo."

Tukakaa vile, yeye inje, mimi ndani, ukuta mwororo katikati yetu, tunasikiliza kitu ambacho hakipo. Mvua ikaanza mlimani. Nikalia, na sikujua kwa nini. Mukwe wangu alisikia, akasema anaenda kutafuta nguzo, akanipa nafasi ya kulia vizuri. Jioni ile aliegemeza nguzo ukutani kutoka inje, na mimi nikaweka mbabula, jiko la makala, ndani mpaka udongo ukaanza kurudi rangi yake. Mvua ya juma lile iliangusha ukuta wa jirani wa chini yetu. Wetu ulisimama. Wewe ulilala.

Hasira yangu sikuenda kuichukua kwake. Nyingine nimepata baadaye, ya kwangu kabisa, maana mpaka leo ninaona wasichana wa rika langu wameweka beseni chini ya tone, wanangoja bwana arudi. Wananiambia ni kazi ya wanaume. Udongo hauulizi kama aliye ndani ni mwanamume.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu kinachovuja usikifumbie macho. Kikinyamaza ghafla bila kutengenezwa, ogopa zaidi kuliko kilipokuwa kinalia, na ndoa nayo iko vile vile. Fungua mpaka uone kilichooza, ukitoe chote, hata kama ni kwa sindano. Usikaze kwa hasira, maana chuma hakijui umekasirikia nani. Na kama anayejua hawezi kuingia mahali ulipo, kwa sababu ya heshima, au ya barabara, au ya kaburi siku moja, usimvute kwa nguvu wala usimwache. Mtafutie kadirisha, kisha sikiliza, na fanya wewe mwenyewe.

Sokulu wako mpaka leo hajaiona vane ile. Siku tulipohama nilimuuliza kama hataki hata kuchungulia, maana chumba kilikuwa kitupu. Akasema ameshaiona.

Mungu wa milima na wa mabonde akuwekee maji mahali pa maji na udongo mahali pa udongo. Akupe mikono isiyoona haya kufanya kazi, na nyumba ambamo mtoto wako atalala mvua ikinyesha, na wewe ukalala pia. Wasingya, asante, mwanangu, kwa kunisikiliza mpaka mwisho.