Sakafu ya Dushi ya Mama Nyiransengimana

Murekatete alikuwa fundi wa umeme Masisi, na alikuwa muoga wa umeme. Hakuficha. Baada ya miaka kumi na miwili ya kazi bado alipima kila waya mara mbili kabla ya kuugusa. Mafundi wanaume walimcheka, aliwaacha wacheke.

Kwa hiyo Kagabo, mtoto wa Mama Nyiransengimana, alipotuma kutoka Goma waya wa kupasha sakafu joto, ili uwekwe kwenye dushi, bafu la mama yake, Murekatete alianza kwa kukataa.

"Waya ya courant chini ya karo, mu dushi, fasi mayi inamwangika kila siku?" alimuuliza kwa simu.

"Dada, iyi waya ilitengenezwa kwa ajili ya dushi. Miguu ya Mama unaijua."

Aliijua. Mama Nyiransengimana aliishi juu ya malisho, upande wa Muheto, ambako asubuhi ukungu haupandi mpaka saa nne. Alikuwa amekamua ng'ombe pekupeku tangu utoto, na sasa vifundo vilikuwa vimekaza. Sakafu ya dushi ilimuuma hadi akaanza kuogea chumbani, kwenye beseni, akisaidiwa na mkamwana wake Adelaïde. Aibu hiyo ilimchoma kuliko baridi.

Murekatete akakubali, kwa sharti moja: iwekwe dijonkta maalumu, ile inayokata umeme yenyewe mara tu unapovuja. Alitandika waya, akaumwagia sima ya saruji, akapima. Sima ilipokauka akarudi kupanga karo, vigae vya sakafu. Siku umeme ulipowashwa, bibi aliingia bila viatu, akasimama, akacheka peke yake.

Wiki ya tatu, saa tisa mchana, Adelaïde akapiga simu.

"Dada, ile dijonkta yako ilikuwa inakatika kila saa. Leo Papa Rukara aliiruka, akaunga waya moja kwa moja. Sasa Mama iko nasema karo inamuluma. Kama siafu."

Rukara alikuwa mume wake, mtoto mkubwa wa bibi.

Murekatete aliinuka. "Mama iko wapi?"

"Iko mu dushi, iko naoga."

"Zima swichi kubwa! Ile boksi ya inje, vuta mukono chini!"

"Boksi imefungwa. Papa Rukara alienda na funguo ku ng'ombe."

"Basi usimuguse Mama! Unasikia? Usimuguse!"

Simu ikakatika. Murekatete alikuwa kwa jirani wa bibi, chini ya kilima tu, lakini njia ilikuwa tope tupu. Alipanda akikimbia, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Alichoona mbele yake kilikuwa bomba la maji. Mkono wa bibi mzee ukitafuta mahali pa kujishika, na bomba la chuma liko pale pale ukutani. Akilishika, umeme utapita mwilini mwake, amekwisha.

Adelaïde alikuwa amesimama mlangoni pa dushi, mikono kichwani, analia.

"Mama!" Murekatete aliita kutoka nje. "Ni miye, Murekatete. Usisogee, utateleza. Usishike robine, usishike ukuta."

"Mutoto wangu, miguu inatetemeka. Nitaanguka."

"Hautaanguka. Simama vile vile. Hesabia Mungu watoto wako, jina kwa jina, kwa sauti, nikusikie."

Sauti ya bibi ikaanza, nyembamba, kutaja majina. Murekatete akaokota jiwe, akapiga kufuli ya boksi. Mara ya kwanza jiwe likateleza. Mara ya tatu kufuli ikaachia. Akavuta mkono wa chuma chini, na redio ya jikoni ikanyamaza.

Hapo tu ndipo alipoingia. Alimfunga bibi kitenge, akambeba hadi kitandani. Akakaa chini.

Rukara alirudi jioni, akaanza kukemea. "Ulituletea kitu ya kuua mama yetu!"

"Kuruka dijonkta ni kosa yako, Papa Rukara," alijibu Murekatete. "Lakini ile dijonkta haikuwa inasumbua bure. Ilikuwa inatuambia waya inavuja. Na waya, nafikiri ni miye niliiharibu."

Alikuwa amekumbuka. Siku ya karo alichonga donge la sima kwa patasi. Mvua ilikuwa inakuja, akaharakisha, akafunika bila kupima. Kesho yake alibomoa karo nne, na akakuta jeraha la waya, dogo kama ukucha. Alimwonyesha Rukara, kisha akampigia Kagabo mwenyewe na kumwambia yote. Kagabo akasema, "Tengeneza."

Alitengeneza, akarudisha dijonkta mahali pake. Alipima kila hatua, Rukara akiwa pembeni anaangalia mshale wa kipima umeme. Siku ya kuwasha, Murekatete alivua viatu, akamwaga ndoo nzima ya maji sakafuni, akasimama katikati, akashika bomba kwa mkono mtupu. Akahesabu hadi mia. Joto likaanza kupanda taratibu kwenye nyayo.

"Sasa miye," alisema Mama Nyiransengimana kutoka mlangoni.

"Mama hauogopi?"

"Naogopa sana. Lakini ku beseni sirudi."

Bibi alifunga mlango. Murekatete alikaa nje kwenye kigoda, mkono juu ya boksi, akasikiliza maji yakimwagika, na hakuondoka mpaka bibi alipotoka.