Nimemtania marehemu mlangoni kwake

Jumamosi, Mahurunga. Huu ni mwezi wa tisa tangu niondoke Songea.

Ndugu zangu, leo nimemtukana marehemu.

Sikujua. Bakari ni Mmakonde, mimi Mngoni, kwa hiyo sisi ni watani. Nilipokuja kutafuta kazi ya bandari Mtwara, alinilaza kwake siku tatu, na kila asubuhi tulitukanana mpaka mihogo iive.

Sasa narudi nyumbani. Nimefika mlangoni kwake nikapaza sauti: "We mchoyo, toka. Bwana wako amekuja, tandika mkeka."



Kisha mkewe, Bi Somoe, akajibu kutoka ndani: "Shemeji, niko eda. Wiki ya pili hii."

Nikaomba radhi.

"Usiombe. Siku ya maziko hakuwepo mtani hata mmoja wa kumzomea. Tulimzika kimya, kama mtu asiye na watu. Endelea."

Nikajaribu. "Mchoyo wewe, hata kuaga umetunyima." Nikaishia hapo.

Nyuma ya ukuta alikuwa analia, au anacheka. Sijui.

Nyinyi mngefanyaje?

Nitakaa hapa kijijini mpaka arobaini yake, nimalize matusi yaliyobaki. Nyumbani nitegemeeni kabla ya mvua za kwanza.