Binti Nusu Shetani Uani Kwetu

Baada ya swala ya alasiri, jua la Arua likishalegea, uani kwangu palikuwa panageuka mji mwingine. Sisi wanawake tunakaa mkekani tunasuka vifuniko vya sinia. Majani tuliyotia rangi nyekundu na zambarau yananing'inia kwenye kamba, upepo unayatikisa, rangi yake inatembea ukutani. Mjukuu wangu wa kike ameegemea ukuta huohuo na simu mkononi, anatusomea kitabu. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Macho yake yanachota Kiingereza, mdomo unamimina Kiswahili chetu cha hapa, na katikati hakuna tone linalodondoka.

Kitabu ni cha msichana ambaye mama yake ni mtu na baba yake ni shetani. Anakaa katika mji wa maghorofa ya kioo, na treni za huko zinapita chini ya ardhi kama panya. Mchana anashona viatu vya watu. Taabu yake ni kivuli. Kivuli chake kinachelewa. Yeye ameshaingia ndani, ameshavua viatu, kivuli bado kiko barabarani, kinakuja polepole kama mbuzi asiyetaka kamba. Kwa hiyo anatembea karibu na kuta, watu wasione.

Mimi nilikuwa nasikiliza huku vidole vinasuka vyenyewe. Wakati mwingine nilikuwa sijui kama niko macho. Nauona mji ule, naisikia ile treni chini ya mkeka wangu.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu pale uani alilijua na hakuna aliyelitaja.

Mjukuu wangu huyu ni mtoto wa binti yangu, aliyefariki mtoto akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Baba yake alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini. Alikuja huku kwa sababu ya vita, akarudi huko, akafia huko. Watu wake hatukuwaona. Mwaka huu kaka wa marehemu baba yake amefungua duka Koboko, karibu na mpaka, akatuma neno kwa mdomo wa mwanamke mmoja muuza samaki wakavu: "Tuna mtoto kwenu. Aje."

Ni neno fupi, lakini lina uzito wake. Akienda, wakamchinjia mbuzi, wakamnyunyizia maji na kumwita kwa jina la ukoo wao, basi amekuwa wao. Atakayetaka kumwoa ataelekezwa kwao. Siku akiugua, kwao. Hata kaburi, kwao. Asipoenda atabaki wangu, ila atabaki na upande mmoja wa mwili asioujua. Na mimi kutoka kwa binti yangu sina kingine duniani, ni yeye tu.

Nilimpa neno lile kama lilivyokuja, sikutia chumvi. Akasema, "Nimesikia, Haboba," maana kwetu bibi anaitwa hivyo. Siku iliyofuata akaanza kutusomea kitabu.

Tulikuwa watatu wa kumsikiliza. Mimi. Jirani yangu Hajjati, mwenye mwili mkubwa na ulimi mkubwa kuliko mwili. Na mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, mkimbizi, Mkristo, anayesaga karanga na kuuza. Yeye ni wa kabila lilelile la baba wa mtoto, lakini kwa adabu yake hakuwahi kulitumia hilo kama ufunguo wa kuingilia mambo yetu.

Ilipofika mahali ambapo watu shuleni waligundua msichana ni nusu shetani, wakahama dawati lake, Hajjati aliweka chini kazi yake.

"Nusu shetani hapana iko," akasema. "Wewe chukua maziwa, tia mafuta ya taa kidogo tu. Utaita nusu maziwa? Utakunywa?"

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama mjukuu wangu. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kioo.

Mpangaji wangu ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa. "Kwetu mtoto hapana maziwa, Hajjati. Mtoto ni mutu."

"Mimi nasema habari ya kitabu!"

"Na mimi nasema habari ya kitabu."

Mjukuu wangu akaendelea kusoma.

Kulikuwa na kitu kingine ndani ya simu ile, nasi tulikipenda kuliko hata kitabu. Kila sura ikiisha, chini yake watu wa dunia nzima wameandika maoni yao. Hawaandiki majina ya wazazi wao. Wamejipa majina ya ajabu, ya maua, ya nyota, ya visu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini jina likishaingia sikioni mwangu halitoki, basi nikawa nawaulizia mmoja mmoja kama majirani.

"Yule wa Kisu leo anasema nini?"

"Haboba, wewe unawakumbuka kuliko mimi!" Anacheka. "Kisu anasema msichana achome daraja ambalo mashetani wa baba yake wanakaa chini yake, wasipate njia."

"Na yule wa Ua?"

"Ua analia. Anasema hata shetani ni baba."

"Huyo Kisu hapana adabu," akasema Hajjati. "Mwandikie. Mwambie Hajjati wa Arua anasema: daraja hujajenga wewe, kwa nini unachoma?"

Mjukuu wangu akaandika kweli. Kesho yake kulikuwa na jibu. Kisu anamsalimu Hajjati wa Arua, anamheshimu, lakini hakubali. Hajjati alitembea na jibu lile mpaka sokoni. Alimwambia muuza vitunguu, akamwambia fundi baiskeli, "Iko mutu huko mbali ananibishia!" kama mtu aliyepokea zawadi.

Siku zikapita hivyo. Kitabu kikafika mahali watu wa baba wanamwita yule msichana. Wanakaa chini ya daraja lile, na wito wao ni moshi unaopenya chini ya mlango, una harufu ya mvua ya kwanza. Nilipokuwa nafukiza udi ndani ya nyumba niliutazama moshi unavyotambaa sakafuni, nikaufuata kwa macho mpaka miguuni kwa mjukuu wangu aliyelala, nikajikuta naupepea kwa ncha ya shuka ugeuke, uende upande mwingine. Mtu mzima, napigana na udi wangu mwenyewe.

Nilijua yeye anauliza. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwulizi bibi yake, "Niende au nisiende?" maana jibu lolote litamchoma bibi. Basi aliuliza kwa njia ya shetani. Hajjati naye alijua. Na mimi nilikuwa sisemi. Kila wakiniuliza, "Haboba, wewe unaonaje?" nilikuwa nasema uzi wangu umekatika, subirini nifunge.

Ikaja siku ya sura ya mwisho. Umeme ulikuwa umekatika, mji wote kimya, hata mashine za kusaga zimelala. Mjukuu wangu alikaa karibu nami kuliko siku zote, bega lake kwenye bega langu.

Alisoma jinsi msichana alivyoshuka ngazi kwenda chini ya daraja, peke yake, kivuli kikimfuata kwa mbali. Akafika kwenye lango. Mlinzi wa lango akamwambia, "Ukivuka, kivuli chako kitabaki nje. Huku hatuna vivuli."

Hapo nilitupa jicho kwenye simu. Ilikuwa nyeusi. Chaji imekwisha. Niliona ndani ya kioo uso wangu mwenyewe, mzee, na sikio la mjukuu wangu. Lakini yeye aliendelea kusoma. Macho yake yako palepale kwenye weusi ule, na kidole kinasukuma kurasa ambazo hazipo.

"Msichana akasimama," akasoma. "Akasema, 'Nataka kuona uso wa watu wangu. Lakini nikikawia, kule nyumbani watanisubiri na chakula, au watafunga mlango?' Mlinzi hakujua. Msichana akageuka nyuma kutazama, na nyuma hapakuwa na mtu wa kumuuliza."

"Halafu?" akasema mpangaji wangu.

"Hapo ndipo nimefika."

"Asivuke!" Hajjati alipiga kelele. "Hapana vuka! Wamekaa miaka yote, leo ndiyo wanajua iko mtoto? Wajinga! Na akivuka, nani atasoma..." Akajikata mwenyewe. Akachukua jani, akalisuka vibaya, akalifumua. Hapo nikaelewa yale maneno yake ya mafuta ya taa yalitoka wapi. Mwanamke yule alikuwa anaogopa kama mimi.

"Avuke," akasema mpangaji wangu polepole. "Mutu akifa bila kuona watu wake, roho yake inauliza njia."

Wote wawili wakanigeukia. Safari hii sikuwa na uzi wa kusingizia.

"Mimi," nikasema, "naona aliyeandika kitabu hiki amekosea jambo moja, na ni jambo kubwa. Huyu msichana anaenda kwa watu wa baba yake peke yake. Mikono mitupu. Kama mwizi! Ndugu za mama yake wako wapi? Msichana haendi kwa watu wa baba. Anapelekwa. Wanawake wa upande wa mama wanapika, wanafunika sinia, wanatangulia mbele yake, ili wale watu wajue kwamba huyu hakuokotwa. Na sinia likifika halirudi tupu, na aliyelibeba kwenda ndiye analibeba kurudi. Sasa hao mashetani watamheshimu vipi mtoto aliyekuja hana hata kisahani?"

Kisha Hajjati akapiga paja lake.

"Wallahi! Kweli! Mimi tangu mwanzo iko kitu inaniwasha kwa hiyo kitabu, najiuliza ni nini. Ndiyo hii! Mama gani hao?"

"Shetani anakula nini?" mpangaji wangu akauliza, kwa uso mkavu kabisa.

"Atakula kisra na mboga ya karanga kama watu," akasema Hajjati. "Asipotaka, shauri yake. Karanga saga wewe. Kisra nitachoma mimi, nyembamba kama karatasi. Usinipe unga ya juzi."

Mjukuu wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Bega lake lilikuwa linatetemeka kwenye bega langu, na sikutazama kujua kama ni kicheko au ni kilio. Umeme uliporudi aliandika maoni yetu chini ya kitabu, kwamba wanawake wa Arua wanasema msichana apelekwe, na chakula. Ua alijibu kwa maneno machache: laiti na yeye angekuwa na watu wa kumpeleka. Kisu hakujibu kitu. Hajjati alihesabu hiyo kuwa ni ushindi. Kitabu chenyewe kiliishaje, sikuuliza mpaka leo.

Tulikwenda Koboko asubuhi yenye ukungu. Mashamba ya mihogo yalikuwa yanatokea na kupotea, na vilima vilikuwa kama vimefunikwa, mfano wa sinia, na mtu mwenye adabu. Sinia lilikuwa mapajani mwa mjukuu wangu, limefunikwa kwa kifuniko chetu kizuri kuliko vyote, na joto la mboga lilikuwa linapita kwenye nguo yake.

Duka la baba yake mkubwa lilikuwa la magodoro. Alitoka nje, mtu mrefu sana, na paji lake lina zile alama za kwao, mistari iliyonyooka. Mjukuu wangu aliitazama ile mistari, halafu kwa kidole akagusa paji lake mwenyewe, laini. Nafikiri hakujua kwamba anagusa.

Mtu yule aliona sinia, akaona sisi vizee watatu tumesimama mbele, akavua kofia. Alituketisha juu ya magodoro yake mapya, akala mbele yetu, akalamba kidole. Kisha akasafisha koo.

"Mama," akaniambia, "mbuzi iko tayari. Kesho tunafanya kazi ya mtoto."

Kabla sijafungua mdomo, mjukuu wangu aliinama mbele yake, akasema kwa upole, "Baba, mbuzi asubiri. Leo nimeletwa kuwaona. Nimeletwa na watu."

Baba yake mkubwa aliweka sinia kando. Hakukasirika. Akatoa simu, akampigia mama yake mwenyewe, bibi mwingine wa mtoto, aliyeko ng'ambo, nami sikuwahi kufikiria kwamba yupo. Sauti ilikuja na upepo mwingi. Mpangaji wangu akasogea, akawa anatugeuzia maneno.

"Anauliza mtoto ni mrefu?"

"Mrefu," tukasema.

"Anauliza anacheka namna gani?"

Swali gani hilo? Mjukuu wangu akaona aibu, akatazama chini, akatutazama sisi tuliokaa juu ya magodoro kama masultani, na kicheko kikamtoka, kile chake kinachoanzia puani na kuvunjika vipande.

Halafu kutoka kwenye simu kikaja kicheko kilekile. Kizee, kimekauka kingo, lakini ni hicho, kinaanzia puani, kinavunjika. Miaka yote nilidhani ni kicheko cha binti yangu, kumbe nilikuwa nakumbuka vibaya. Nilikuwa nimekilea kicheko cha mwanamke mwingine nyumbani kwangu, nimekilisha, nimekivisha, bila kumjua mwenyewe.

Niliiomba simu.

"Dada," nikasema, na mpangaji wangu akanigeuzia. "Huyu mtoto ni wetu, mimi na wewe. Likizo atakuja kwako, nasi tutamleta. Lakini mbuzi hachinjwi kabla wewe hujala kwangu Arua. Njoo kwanza, ule."

Tulisikia bibi yule akiongea kwa muda mrefu, maneno yanapanda na kushuka, na mtu wa magodoro ameshika kofia yake anatabasamu sakafuni.

"Anasema nini?" Hajjati akashindwa kuvumilia.

"Anasema barabara ni mbaya," akasema mpangaji wangu, "na magoti yake ni mabaya kuliko barabara. Anauliza kwako iko kitanda kifupi, kwa sababu kile kirefu hawezi kupanda."

"Iko," nikasema. "Mwambie iko."